Gonga Moja, Gonga Mbili

Nina wajukuu, nina duka langu la cherehani pale Shanwe, na watu wa mtaa wananiita Mama bila kulazimishwa. Hata hivyo, mwaka juzi nilijificha nyuma ya magunia ya dagaa katika soko la Mpanda mjini, nimechuchumaa, kitenge changu kinalowa maji machafu. Muuza dagaa aliinama akaninong'oneza, "Mama, ni polisi?" Nikamwambia ni mbaya zaidi, ni mwalimu wangu. Alikuwa anapita katikati ya wauza nyanya, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, fimbo ya mninga mkononi, akiangalia huku na huku bila haraka. Na mimi siku hiyo sikuwa na sentensi.

Aliyesoma shule yetu ya sekondari kule Mishamo hahitaji maelezo. Wengine nitawaeleza. Mwalimu alitufundisha Kiingereza kama walimu wengine wanavyofundisha, lakini alikuwa na neno moja ambalo halikuwa na likizo wala Jumapili, nalo ni take. Neno dogo, hata mtoto wa chekechea analijua. Alikuwa anaweza kukatiza somo la jambo jingine kabisa, akanyoosha fimbo kuelekea dawati lako, akasema, "Take!" Hapo unasimama. Unatoa sentensi yenye neno hilo, na maana yake isiwe imeshatumiwa na mtu yeyote siku hiyo. Ukipatia, anagonga sakafu mara moja, unakaa. Ukikosea, au ukirudia ya mwenzako, anagonga mara mbili, na wewe unabaki umesimama mpaka upate nyingine. Hakuwa anapiga. Hakuwa anatukana. Ile fimbo yenye kipande cha bati chini haikuwahi kugusa mwili wa mwanafunzi, na bado sikuwa na kitu nilichokiogopa zaidi yake.

Kati ya gonga la kwanza na kujua kama la pili linakuja, kulikuwa na kimya kidogo. Tumbo langu linakijua kimya kile mpaka leo. Kuna wenzangu waliosimama kipindi kizima, wakaingia kipindi cha hesabu wamesimama, na mwalimu wa hesabu, ambaye naye alimwogopa, hakuthubutu kuwakalisha. Kunong'onezana hakukusaidia. Ukimpa mwenzako jibu kwa pembe ya mdomo, Mwalimu alisikia hata akiwa amegeukia ubao, na aligonga mara mbili kabla yule anayesaidiwa hajafungua kinywa.

Alisema sisi tuna utajiri tusioujua. Dawa tunakunywa, basi tunapanda, picha tunapiga, mtihani tunafanya, kofia tunavua, mgonjwa tunampeleka hospitali. Kila kazi ina neno lake la kuisimamia. Mwingereza anatuma take kwenye kazi zote hizo. "Ni bahili," alisema, na alipenda sana kulisema hilo. "Mtumishi mmoja nyumba nzima! Apike, afue, achunge mbuzi, na akimaliza aende kanisani kumwakilisha bwana harusi." Tukicheka, alimtafuta kwa macho aliyecheka zaidi. "Take!"

Ndugu wa neno hilo, yale maneno mengine yanayokaribiana nalo, alitufundisha kwa mwili. Hakuandika tafsiri ubaoni. Alikuja na muhogo mbichi, akampa msichana wa mbele, na msichana akaupokea kwa mikono miwili huku ameinama kidogo, kama tulivyolelewa wote. "Hiyo ni accept," alisema. Halafu akaunyakua muhogo kutoka mikononi mwake kwa nguvu hata yule binti akapiga kelele. "Hiyo ni seize. Umeona tofauti? Usiniambie kwa mdomo, niambie moyo wako unadundaje." Alimtuma mtu bombani akachote maji, na aliporudi akamwambia, "Hiyo ni fetch, sasa kunywa." Mpaka leo nikisikia seize mahali popote, naficha mikono.

Neno la kuiba lilitaka kumuua. Siku ya gulio alituchukua darasa zima mpaka sokoni, akatupanga mbele ya mtandaza viatu mmoja mgeni, akatukonyeza. Kisha, polepole, ili tuone vizuri, akachukua kandambili na kuzisokomeza ndani ya koti. Sisi tulikuwa tunatikisa vichwa kwa kuelewa. Yule mgeni hakuwa mwanafunzi. Alipiga yowe, "Mwizi!" na nyie mnajua neno hilo linavyopokelewa gulioni. Watu walifika na fimbo za ng'ombe, na mawe, na mmoja alikuwa tayari anavingirisha tairi. Nilitaka kusema ni somo, ni somo tu, na sauti haikutoka. Mwalimu naye hakujieleza. Alinyoosha fimbo kuelekea kwa Nestori, mwenzetu mmoja mrefu, akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Take!"

Nestori alipayuka kwa Kiingereza, mikono ubavuni, "Mwalimu anachukua kandambili bila ruhusa, maana yake anaiba!" Mwalimu akagonga ardhi mara moja. Umati ulishangaa. Watu wenye mawe walitazamana, na katika mshangao ule kamanda wa sungusungu akapata nafasi ya kupenya na kusema, "Huyu ni mwalimu wa watoto wangu, wekeni hayo mawe chini." Tukarudi shule. Baadaye nilimwona nyuma ya stoo ya majembe, ameegemea ukuta, anatapika. Ndiyo siku niliyojua kwamba yule tuliyekuwa tunamwogopa naye alikuwa anaogopa, na jambo hilo halikunituliza hata kidogo. Lilinitisha zaidi.

Maana alikuwa mwoga kweli, nasema hivi kwa mapenzi. Aliogopa watu wengi wakikusanyika. Aliogopa mtu yeyote mwenye sare, hata mlinzi wa ghala la mahindi. Lori likisimama ghafla karibu na nyumba, alisimama, chakula mdomoni, na hakukaa mpaka lisikike limeondoka. Hakutuambia kwa nini. Sisi tulikuwa watoto wa watu wale wale waliovuka kutoka Burundi na vyungu vichwani, hatukuhitaji kuambiwa. Nyumba zetu zote zilikuwa na mtu wa kusimama hivyo.

Mara moja tu alitugusia. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hakuna somo lililosikika, akakaa juu ya meza, jambo ambalo hakuwa analifanya, na tukasogea mbele ili tumsikie. Alisema alipofika upande huu, kijana mdogo, hakuwa na Kiswahili wala Kiingereza. Mama mmoja wa kizungu alimpa kikombe cha uji na kumwambia, "Take." Likawa neno lake. Akiwa na kiu alisema take. Akitaka kurudisha kikombe alisema take. Mama yake mzazi alipozidiwa na homa, alimkimbilia yule mzungu, akamshika gauni, akaonyesha kwenye turubai lao, akasema take, take, take. Na yule mzungu akaenda, akambeba.

"Nimeishi na neno moja," alisema. "Linatosha. Ila anatakiwa awepo mtu mbele yako mwenye subira."

Kisha mvua ikapungua, akashuka mezani, na aliyekuwa karibu naye akajuta kusogea.

Ungedhani mtu huyu nyumbani alikuwa anaota kwa Kiingereza. Hapana. Kiingereza kilikuwa hakivuki mlango wake. Nilipoanza kushona, bado niko kwa shangazi yangu, nilipeleka gauni la Mama Mwalimu, nikamkuta Mwalimu barazani ananyonyoa kuku, nikamwamkia kwa Kiingereza kizuri kabisa nilichokuwa nimekifanyia mazoezi njia nzima. Aliniangalia kana kwamba nimeingia na matope. "Hapa tunasema amahoro," alisema. Ndani ya nyumba ile ilikuwa Kirundi, na Kiswahili kwa wageni. Fimbo ilibaki imeegemea nje, karibu na ndoo.

Watoto wake mwenyewe hakuwafundisha. Aliwapeleka wote kusoma Mpanda mjini kwa dada yake, na watu walimsema sana, kwamba anajenga vya wenzake vyake anaviacha. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na breki mdomoni, alimuuliza hilo waziwazi. Akamjibu, "Mtoto wangu akikosea nitagonga mara mbili. Halafu jioni nitakula naye vipi?" Kwa hiyo mwanawe wa kwanza, Elia, alikua bila kusikia lile gonga hata siku moja. Wakati ule niliona ni bahati yake.

Mimi aliwahi kunisifu, na nitalisema maana ni mara moja maishani. Nilikuwa nimekonda baada ya malaria, gauni la shule linaning'inia, na shangazi alikuwa amelibana usiku ule. Asubuhi fimbo ikanielekea. Zile maana za kawaida zote zilikuwa zimeshaondoka na waliokuwa mbele yangu, dawa, basi, picha, vyote. Nikasema, huku meno yakigongana, kwamba shangazi yangu amelibana gauni langu, na kwa Kiingereza kubana gauni ni take in. Nilikuwa nimeliona kwenye kijitabu cha mitindo cha shangazi. Nikaanza kulia kabla ya matokeo. Akagonga mara moja, kisha akasema, "Asante." Hakuwahi kumwambia mtu asante darasani. Nadhani nilikuwa fundi cherehani tangu dakika ile.

Alipostaafu na kuhamia Shanwe, jirani na nyumba ya Elia, tulidhani tumepona. Wapi. Alikuja mjini kama mwindaji, na mji huu umejaa wanafunzi wake. Bwana mmoja mwenye cheo na gari la serikali alikuwa anapandisha kioo akimwona kwa mbali. Nesi mmoja alikuwa ameshashika sindano tayari kumchoma, Mwalimu akamnyooshea kidole, maana fimbo ilibaki mlangoni, akasema, "Take!" Yule binti akajibu, "Take a deep breath." Vuta pumzi ndefu. Mwalimu akagonga kitanda mara moja kwa kifundo cha kidole, akavuta pumzi, akachomwa. Dukani kwangu alikuja kubaniwa suruali kila mwaka, kwa sababu uzee ulikuwa unampunguza kiunoni, na nilikuwa namwekea sentensi akiba chini ya mkeka wa cherehani, kichwani namaanisha. Sikumaliza kumwogopa. Nilizoea tu, kama mtu anavyozoea kuishi karibu na reli.

Halafu akapata kiharusi.

Nilikwenda kumwona alipotoka hospitali, nikamkuta amelala, nikaacha sukari na sabuni nikaondoka. Baada ya hapo nikaanza kusikia maneno ya mtaani. Kwamba Mwalimu amegeuka. Kwamba watoto wanakwepa kupita pale. Kwamba kuna kitu kinaongea ndani yake.

Mchana mmoja Mama Mwalimu aliingia dukani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema anataka kaptula nne za mpira kiunoni, zisizo na zipu wala kifungo.

"Za nani, mama?"

"Za mzee. Huko anakokwenda wanataka nguo nyepesi kuvua."

"Anakwenda wapi?"

Alitazama chini. Alisema Elia amepata nafasi kwenye kambi moja ya maombi, mbele ya Kabungu, porini. Gari linakuja kesho asubuhi. Atakaa huko mpaka kimtoke.

"Kimtoke nini?"

"Mwanangu, nitakwambia nini mimi? Hasemi tena. Amebaki na neno moja. Maji, teki. Njaa, teki. Nikilia, ananiangalia, teki. Na kugonga! Alikuwa anagonga sakafu na ile fimbo, nikimwongelesha anagonga, mara hivi mara vile, mpaka watoto wa Elia wakahamia kwa mama yao mdogo. Tukamnyang'anya. Sasa anagonga ukuta kwa mkono ule mzima. Mana yanje, Mungu wangu, umri huu wote sijawahi kumwogopa mume wangu. Sasa namwogopa."

Mimi naijua kambi ile. Binti wa jirani yangu alipelekwa huko kwa kifafa. Alirudi akiwa na alama za kamba kwenye mikono yote miwili, na alikuwa anakaa kwenye kona ambayo hakuna anayeweza kumfikia kwa nyuma. Nilimfikiria Mwalimu, mtu ambaye anasimama akisikia lori, akipakiwa kwenye gari asubuhi na watu asiowajua, wakamfunga, na katika kinywa chake kuna neno moja tu la kuwaomba wamwachie. Mkasi uliniponyoka.

"Mama," nikasema, "anagongaje?"

"Anagonga tu."

"Mara ngapi?"

"Mwanangu, nani anahesabu kichaa?"

Niliacha kitambaa kwenye meza. Nikampigia simu Nestori, yule yule wa kandambili, siku hizi anaendesha bajaji pale stesheni. Nikamwambia twende kwa Mwalimu sasa hivi.

"Mimi?" akasema. "Sina sentensi."

"Tafuta njiani."

Katika bajaji nilikuwa na hofu mbili, na sikujua ipi kubwa. Ya kwanza, kwamba Elia atatufukuza. Ya pili, kwamba atatukubalia, nami nitamuuliza Mwalimu mbele ya mkewe na mwanawe, na kutakuwa hakuna mtu ndani yake. Hapo nitakuwa nimewapa ruhusa ya kumpeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, mito pande zote. Mdomo umeshuka upande mmoja, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Shati lilikuwa wazi shingoni, na hilo liliniuma kuliko mdomo. Macho yake yalikuja kwangu, yakaenda kwa Nestori, yakarudi. "Take," akasema. Haikuwa sauti ya darasani. Ilitoka nzito na yenye mate, na Nestori alirudi nyuma hatua nzima.

Elia alitoka chumbani amevaa tayari kwa kutoka. Anauza spea za pikipiki, ni mtu mpole, si mtu wa kumtesa baba yake. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Dada, karibuni, ila kama mmekuja kunizuia mmechelewa. Nimeshaongea na mtumishi wa Mungu kule kambini."

"Tumekuja kumsalimia. Naomba apewe fimbo yake."

"Hapana. Ataumiza mtu."

"Amewahi kumpiga nani?"

Elia akakaa kwenye mkono wa kochi, akaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba baba yake yuko chumba kingine. "Dada, nyie mlimjua yule wa zamani. Baba yangu ameshaondoka. Huyu aliyebaki simjui. Nikimlisha naogopa. Nikimwogesha naogopa. Ananiangalia, anagonga, ananiangalia, anagonga. Anataka nini kwangu?"

Mama Mwalimu alisogeza kigoda, akapanda, akapapasa juu ya kabati, akashuka na fimbo. Bati la chini lilikuwa limepata kutu kidogo. Akaiweka kwenye mkono wa kushoto wa mumewe, haraka, kisha akarudi ukutani. Vidole vikafunga.

Nikasimama mbele yake. Sikupanga kusimama vile, mikono ubavuni, visigino pamoja, ila mwili ulikumbuka. Nikasema kwa Kiingereza, kama mtoto wa kidato cha pili, kwamba daktari amesema, take your medicine. Kunywa dawa yako.

Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mwalimu alikuwa ananitazama na hakufanya kitu, na mimi nikaona ile hofu yangu ya pili inakuja mlangoni. Hakuna mtu. Nimechelewa. Kisha mkono wa kushoto ukainuka.

Ko.

Nikasubiri. Nilisubiri kwa tumbo lile lile la Mishamo. La pili halikuja.

"Nestori," nikasema.

Nestori alikohoa. Akasema kwamba yeye anawapeleka abiria stesheni, take passengers.

Ko. Mara moja.

Elia alikuwa amesimama sasa. "Ni nini hiki? Anagonga tu, dada, si nimekwambia anagonga?"

Nikamwambia subiri. Nikarudia ile ile ya dawa, neno kwa neno, kama mvivu ambaye hakusikiliza wenzake. Sikumaliza. Fimbo ilishuka mara mbili, ko, ko, na yale macho yakanikazia kwa hasira niliyoifahamu vizuri sana, hasira safi ya mwalimu anayedanganywa mchana kweupe. Nilihisi machozi. Nikamgeukia Elia nikamweleza yote, gonga moja ni sawa, gonga mbili ni hapana, ndivyo alivyotupa ndiyo na hapana zetu zote. Nyumbani hakuwahi kulitumia. Hamkuwa na namna ya kujua.

"Mama anapomwongelesha," nikasema, "anakuwa anamjibu."

Mama Mwalimu alijishika mdomo. Nadhani alikuwa anarudi nyuma katika siku zile zote, akiyakumbuka maswali yake, akitafuta majibu ambayo alikuwa ameyakimbia. "Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani," alisema polepole. "Akagonga. Moja. Mimi nikatoka nje nikilia."

Elia alikuwa bado anatikisa kichwa. Hakuwa mbishi, alikuwa anaogopa kuamini. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamuuliza baba yake kwa Kirundi, lugha ya nyumba ile, "Data, urashaka kugenda?" Baba, unataka kwenda?

Ko, ko.

"Kwenye maombi, Data. Kesho. Unataka?"

Ko, ko, na safari hii kwa nguvu ambayo sikujua imebaki kwenye mkono ule, mpaka kile kipande cha bati kikachomoka na kuserereka chini ya kochi. Elia aliinamisha kichwa kwenye magoti ya baba yake akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto, na hakuna aliyemzuia. Mwalimu alimwacha alie. Kisha akaigeuza fimbo taratibu, kwa shida, ikipepesuka hewani, mpaka ncha yake ikafika kifuani kwa mwanawe.

"Take," akasema.

Elia aliinua uso. Nikamwona anavyobadilika, damu inamtoka usoni, nikakijua kile alichokuwa nacho. Tulikuwa nacho wote. Yeye peke yake alikuwa hajawahi kupewa.

"Dada," akasema, "anataka nini?"

"Anataka sentensi. Simama."

Alisimama. Mikono hakujua aiweke wapi. Alifungua kinywa, akafunga. Kiingereza chake chote cha spea kilikuwa kimemtoroka. Nilimhurumia, nikaweka kiganja mdomoni nikamnong'oneza moja rahisi, ya picha, kwa pembe ya mdomo kabisa.

Ko, ko.

Mwalimu hata hakunitazama. Aliendelea kumwangalia mwanawe, fimbo wima, anasubiri. Nestori alianza kucheka kwa woga, akajiziba. Mama Mwalimu alisogea kutoka ukutani, akamfunga mumewe kifungo cha juu cha shati, kisha akaketi karibu yake. Simu ya Elia ikaita mfukoni. Alikuwa mwenye gari, anataka kujua saa ya kuja asubuhi. Elia alimwambia asije, safari haipo, na alisema hayo akiwa bado amesimama, maana alikuwa hajapata sentensi.